Nilikuwa konda, sasa nafundisha fizikia: njooni tuongee kani na mwendo kwa lugha ya mlangoni

Konda Mstaafu (mtoa mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Kabla sijashika chaki nilishika noti zilizokunjwa katikati ya vidole. Baada ya kidato cha sita, nikisubiri chuo, nilipiga ukonda kwenye kosta ya Mbagala karibu miaka miwili. Ndiyo maana nasema bila aibu: fizikia ya kidato cha kwanza niliikariri darasani, nikaja kuielewa mlangoni pa gari.

Uzi huu ni wa madogo wa sekondari. Kila Januari napokea kwenye tyuisheni watoto wenye akili kabisa, wamesoma sayansi kwa Kiswahili shule ya msingi, wanakutana na fizikia kwa Kiingereza, basi wanaanza kukariri herufi. F ni sawa na m mara a. Ukimuuliza a ni nini, anakujibu "a ni a".

Siku ya kwanza huwa nawatupia swali hili. Basi liko kwenye barabara iliyonyooka, tambarare, linakwenda kilomita 60 kwa saa. Haliongezi, halipunguzi. Ukijumlisha kani zote zinazolisukuma na kulivuta, unabaki na kiasi gani?

Jibuni kwanza, msichungulie majibu ya wenzenu.

Mvuta Kiti

Tiririka mkuu, nipo siti ya mbele, nauli nimelipa. Jibu langu: kubwa sana, maana basi ni zito.

Mbishi Daima

Inategemea injini. Swali halijakamilika.

Binti wa Tatu B

Shikamoo mwalimu. Mimi nipo kidato cha tatu. Nadhani kani ya kwenda mbele ni kubwa kuliko ya kurudi nyuma, ndiyo maana linaenda mbele.

Konda Mstaafu

Marahaba mdogo wangu. Wote watatu mmeanguka, ila msione haya. Aristotle mwenyewe, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alifundisha kwamba kitu hakiendi bila kitu kingine kukiendesha muda wote, na watu wakamwamini karne na karne.

Jibu ni sifuri.

Injini inazungusha matairi, matairi yanasukuma lami kwenda nyuma, lami inasukuma basi mbele. Hewa inalisukuma basi nyuma, na matairi nayo yana ukinzani wake yanapobingirika. Basi likiwa kwenye mwendo ule ule, kani za mbele na za nyuma zinatoana, habaki mtu. Zingebaki za mbele, basi lingeongeza kasi. Zingebaki za nyuma, lingepunguza.

Hapa ndipo penye mzizi wa somo zima, na ukipakosea hapa utakosea hadi kidato cha nne. Kani haiko kwa ajili ya kukifanya kitu kiendelee kwenda. Kani inabadilisha mwendo: inakianzisha, inakiongeza, inakipunguza, inakipindisha. Kitu kikiachwa bila kusumbuliwa, kama kimetulia kitaendelea kutulia, na kama kinakwenda kitaendelea kwenda kwa kasi ile ile na mstari ule ule ulionyooka. Newton aliiandika hiyo kama kanuni yake ya kwanza mwaka 1687, kwa Kilatini. Konda anaijua kwa mkono.

Dereva akikanyaga breki ghafla, abiria waliosimama wanakwenda mbele kama magunia. Nani kawasukuma? Hakuna. Gari limepunguza, wao hawakupunguza. Akiondoa gari kwa fujo wanalalia nyuma kwa sababu ile ile: miguu imechukuliwa na sakafu, kiwiliwili bado kiko kituoni. Huo ukaidi wa kitu kukataa kubadilishiwa hali ndio unaitwa inesha. Ukiwa na masi kubwa, yaani kilo nyingi, ukaidi wako ni mkubwa.

Binti wa Tatu B

Mwalimu naomba kuuliza. Mbona nikisukuma kabati darasani, nikiacha tu linasimama palepale? Kama kitu kinaendelea chenyewe, kabati lingeenda hadi ukutani.

Konda Mstaafu

Swali zuri kuliko jibu langu. Ukiacha kulisukuma, kabati halijabaki peke yake. Kuna msuguano wa miguu yake na sakafu, tena mkubwa. Wewe umetoa mkono, sakafu haijatoa wake.

Sasa punguza msuguano kidogo kidogo. Kabati kwenye saruji linasimama papo hapo. Kwenye vigae vilivyomwagikiwa maji ya sabuni linateleza hatua kadhaa. Galileo, mwanzoni mwa miaka ya 1600, alifanya hivyo kwa tufe na mbao zilizoinama: linateremka upande mmoja, linapanda wa pili karibu hadi kimo kile kile. Akalaza ule upande wa pili zaidi na zaidi, tufe likawa linakwenda mbali zaidi na zaidi likitafuta kimo chake. Akajiuliza: nikiulaza kabisa je? Litasimamia wapi? Kama hakuna msuguano, halisimami popote.

Kama unataka mfano wa kweli usio na msuguano, chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Voyager 1 kilirushwa mwaka 1977. Leo kiko nje huko mbali kuliko sayari zote, kinakwenda takriban kilomita 17 kila sekunde, na hakuna injini inayokisukuma. Hakuna wa kukizuia, basi kinakwenda.

Mzee wa Bao

Mwalimu, wazungu tu? Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alishaandika kwamba kitu kilichorushwa kinakuwa na mwelekeo ndani yake, na kwamba huo haupotei wenyewe hadi kitu cha nje kiupunguze. Alisema hata kwamba kwenye utupu usingekwisha. Hiyo ni zaidi ya miaka 600 kabla ya Newton.

Konda Mstaafu

Kweli mzee wangu, nakubali. Alilofanya Newton ni kuligeuza wazo hilo kuwa hesabu inayokupa namba, na namba ndiyo mtihani unaitaka.

Basi twende kwenye namba. Kanuni ya pili: kani = masi × mchapuko. Mchapuko ni kiasi ambacho mwendo unabadilika kila sekunde, basi. Gari likitoka mita 5 kwa sekunde hadi 15 ndani ya sekunde 5, limeongeza 10 kwa sekunde 5, yaani 2 kila sekunde. Huo ndio a.

Tuchukue konda wa kilo 70, yaani mimi enzi hizo. Gari kilomita 60 kwa saa. Gawa kwa 3.6 upate mita kwa sekunde: 16.7. (Hii 3.6 iandikeni viganjani, nusu ya makosa ninayosahihisha ni watu kuingiza kilomita kwa saa kwenye fomula.) Dereva anasimama kwa sekunde 3. Mchapuko ni 16.7 gawa 3, karibu 5.6, ila wa kupunguza. Kani ya kunisimamisha mimi ni 70 × 5.6, yaani nyutoni 390 hivi (nyutoni ni kipimo cha kani). Dunia inavuta kila kilo kwa nyutoni 9.8, basi gawa kwa 9.8 uone ni uzito wa nini: kilo 40. Kwa hiyo kila breki ya namna hiyo, bomba la mlangoni lilinivuta nyuma kana kwamba nimening'iniza kitu cha kilo 40 mkononi. Na nilikuwa na mkono mmoja tu, wa pili una hela.

Mama Wawili

Mwalimu nimekusoma kimya kimya, sasa nauliza kama mzazi. Sisi tunapakata watoto kwenye gari. Mwanangu ana kilo 10, nambeba kutwa nzima sokoni bila shida. Gari likigonga siwezi kumshika?

Konda Mstaafu

Mama, naomba tufanye hesabu pamoja.

Kasi ile ile, 16.7. Gari likigonga kitu kisichosogea, kusimama hakuchukui sekunde 3 tena, kunakwisha ndani ya muda mfupi mno. Tuseme sehemu ya kumi ya sekunde, 0.1. Mchapuko: 16.7 gawa 0.1 ni 167. Kani ya kumsimamisha mtoto: 10 × 167, nyutoni 1,670. Gawa kwa 9.8. Unapata kilo 170.

Mikono yako ingepaswa kushika uzito wa kilo 170, tena kwa kushtukizwa. Hayuko mama duniani. Na hapo sijahesabu mwili wako mwenyewe, ambao nao unakwenda mbele ukimfuata yeye, na yeye ndiye aliye katikati yako na dashibodi.

Kilo 10 ndiyo masi yake, haijabadilika. Kilichobadilika ni muda wa kusimama. Ukifupisha muda, kani inapanda. Ukirefusha, inashuka. Ndiyo maana kipa mzuri anaudaka mpira huku akirudisha mikono kifuani, na ndiyo kazi ya ule utando laini ndani ya helmeti ya bodaboda: unabonyea, kichwa kinapata nafasi ndogo ya kusimama polepole. Helmeti iliyong'olewa utando ni sufuria.

Mama Wawili

Nimeishiwa maneno.

Dereva wa Tunduma

Salaam. Mimi semi nimeendesha miaka 19, Dar Tunduma. Sikusoma hiyo fizikia lakini naona mnasema mambo yangu. Nina ubishi mmoja. Mwalimu mmoja kijana aliniambia eti masi haiathiri umbali wa kusimama, inajikata kwenye fomula. Huyo hajawahi kushuka mlima Kitonga na mzigo. Gari tupu na gari lenye tani zake ni vitu viwili tofauti.

Konda Mstaafu

Mzee, wewe na huyo kijana wote mna haki, na hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote.

Kwenye karatasi masi inajikata hivi: msuguano wa tairi na lami unaongezeka kadiri gari linavyoilemea lami. Mzigo mara mbili, msuguano mara mbili, lakini na ukaidi wa gari mara mbili. Vinatoana. Kwa hiyo umbali wa breki unabaki kuwa kasi mara kasi, gawa kwa mara mbili ya mchapuko. Lami kavu, tuchukue 7. Kilomita 40 kwa saa ni 11.1: utatumia kama mita 9. Kilomita 80 ni 22.2: utatumia mita 35. Madogo, angalieni hapo. Kasi imeongezeka mara mbili, umbali mara nne. Ongeza sekunde moja ya dereva kushtuka kabla mguu haujafika kwenye breki, ambayo kwa kilomita 80 ni mita 22 nyingine. Jumla mita 57. Mvua ikinyesha, ule mchapuko ukishuka hadi nusu, breki peke yake itakula mita 70.

Lakini karatasi ile inachukulia kwamba breki zina uwezo wa kushika hadi mwisho wa uwezo wa tairi. Hiyo ni kweli kwa gari dogo kwenye tambarare, mara moja. Mteremko ni habari nyingine. Semi yenye tani 56, ambao ndio ukomo wa uzito kwenye mizani zetu za Afrika Mashariki, ina uzito wa nyutoni 549,000 hivi. Chukua mteremko ambao kila mita 10 za barabara unashuka mita 1. Sehemu ya kumi ya uzito huo inalivuta gari kwenda chini: nyutoni 55,000, kama umefungiwa mbele kitu cha tani tano na nusu kinachoning'inia. Haipumziki hata sekunde moja hadi ufike chini.

Na breki haimezi kani hivi hivi. Inageuza mwendo kuwa joto. Kwa kila mita 100 za kimo unazoshuka na tani 56, joto linalopaswa kwenda mahali fulani linatosha kuchemsha ndoo nane za maji za lita 20. Gari tupu lenye robo ya uzito huo, ndoo mbili. Ukilituma lote kwenye ngoma za breki, zinapata moto, kushika kunapungua, unakanyaga zaidi, zinapata moto zaidi.

Dereva wa Tunduma

Sasa tumeelewana. Hapo kwenye moto ndipo nilipotaka ufike. Ndiyo maana wazee walitufundisha: mlima unaushuka kwa gia ambayo ungeupandia. Injini inakushikilia, breki unagusa unaachia. Kijana anayeweka gari fri ili kubana mafuta, utingo wake aruke mapema. Kitonga hivyo, Sekenke hivyo. Ukiona harufu ya breki imeingia kwenye kabini umeshachelewa.

Mbishi Daima

Nimerudi. Kanuni ya tatu ndiyo nisiyoikubali. Eti lori likigonga bajaji, kani ya lori juu ya bajaji ni sawa sawa na ya bajaji juu ya lori. Kamwambieni mwenye bajaji.

Konda Mstaafu

Ni sawa sawa, hadi nyutoni ya mwisho. Kisichokuwa sawa ni matokeo. Kani ileile ukiigawa kwa kilo 400 unapata mchapuko wa kutisha. Ukiigawa kwa kilo 20,000 dereva wa lori anahisi mtikisiko. Rudi kwenye kanuni ya pili.

Mbishi Daima

Haya. Na mkokoteni? Nikiuvuta kwa kani fulani, nao unanivuta nyuma kwa kani ileile. Zinatoana. Kwa hiyo hakuna mkokoteni uliowahi kutoka Kariakoo?

Pwani Ndiko

Nipo Mombasa, nimejiunga kwa huu uzi tu. Ndugu Mbishi, ushawahi kuruka kutoka mtumbwini kwenda gatini? Wewe waenda mbele, mtumbwi warudi nyuma. Ukiwa mgeni waishia majini. Kani ni mbili, lakini moja yako wewe, nyengine ya mtumbwi. Vipi zitatoana na kila moja iko kwa mwenyewe?

Konda Mstaafu

Pwani Ndiko nakupa chaki, endelea na kipindi.

Ndivyo hasa. Kani zinatoana zikiwa juu ya kitu kimoja. Za kanuni ya tatu siku zote ziko juu ya vitu viwili tofauti. Ukitaka kujua mkokoteni utakwenda au hautakwenda, uangalie mkokoteni peke yake: wewe unauvuta mbele, msuguano wa magurudumu unauvuta nyuma. Ukizidi wewe, unaondoka. Kisha mwangalie mvutaji peke yake: mkokoteni unamvuta nyuma, ardhi inamsukuma mbele kwa sababu mguu wake umeisukuma ardhi nyuma. Mpeleke kwenye tope. Misuli ile ile, mkokoteni ule ule, haendi popote, kwa sababu ardhi imekataa kumsukuma.

Mbishi Daima

Tope umenishinda. Nakubali kwa leo.

Binti wa Tatu B

Mwalimu, kwenye mtihani wa majaribio waliuliza kati ya jiwe kubwa na dogo lipi litatangulia kufika chini. Niliandika kubwa, nikakosa. Nikauliza, nikaambiwa "ndivyo kitabu kinavyosema".

Konda Mstaafu

Kitabu kinasema kweli, ila jibu hilo si la kumpa mtoto.

Dunia inalivuta jiwe kubwa zaidi, hujakosea hapo. La kilo 10 linavutwa mara kumi ya la kilo 1. Lakini na ukaidi wake ni mara kumi. Ni kama mkokoteni wenye mzigo mara kumi na wavutaji mara kumi. Mwendo ule ule: kila sekunde unaongezeka mita 9.8 kwa sekunde. Agosti 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 aliachia nyundo na unyoya wa kozi kwa pamoja juu ya mwezi, ambako hakuna hewa. Vikatua pamoja.

Huna mwezi, una daftari. Chukua karatasi moja isiyozidi ukubwa wa daftari. Iachie pamoja na daftari, kila kimoja peke yake: karatasi inapepea, inachelewa. Sasa ilaze juu ya daftari, uachie vyote pamoja. Njoo utuambie.

Na zoezi: mnazi una urefu wa mita 20. Nazi inakatika, sahau hewa. Itafika chini baada ya muda gani, na kwa kasi gani?

Binti wa Tatu B

Nimejaribu mwalimu, nimerudia mara sita hadi bibi akaniuliza daftari limenikosea nini. Karatasi ikiwa juu ya daftari vinafika pamoja, haipepei kabisa! Kumbe ilikuwa hewa muda wote.

Zoezi: s = nusu ya g mara t mara t, s ni umbali, g ni ile 9.8, t ni muda. 20 gawa 4.9 ni 4.08, kipeuo chake 2.02. Kasi ni 9.8 × 2.02. Nimepata 19.8.

Konda Mstaafu

19.8 nini? Mbuzi?

Binti wa Tatu B

😂 Mita kwa sekunde mwalimu. Na muda ni sekunde 2.02. Nimezidisha kwa 3.6 pia, ni kama kilomita 71 kwa saa.

Konda Mstaafu

Hesabu zote ziko sawa. Nusu alama ya yuniti imebaki kwangu.

Mvuta Kiti

Kilomita 71 kwa saa? Nazi?

Pwani Ndiko

Wacha nikahamishe kitanda changu cha kamba.